Karo tano kwa kila mama: bulangeti linalotoa mbabula ndani ya nyumba

Kila mwaka, mwezi wa sita ukiingia, hapa Kolwezi tunaanza kuongea habari ya baridi. Mji wetu uko juu, zaidi ya mita 1,400, na usiku wa mwezi wa sita na wa saba baridi inaweza kushuka chini ya digri 10. Wageni wanaotoka Kinshasa wanashangaa, wanauliza kama wamefika Ulaya. Mtu wa posti ya usiku anayesimama kando ya carrière anaujua upepo ule vizuri. Lakini yeye ana koti, ana kofia, ana botte. Na kama hana, kazi yetu sisi watu wa syndicat ni kumdaia. Mtoto wake aliyebaki nyumbani, nani anamdaia?

Nimefanya kazi ya délégué syndical kwa miaka mingi, na sikufikiri hata siku moja kwamba nitaandika ndani ya gazeti juu ya kroshe. Kroshe ni kazi ya wamama, ndivyo tulivyokuwa tunasema. Leo naandika kwa sababu niliona kroshe inafanya kitu ambacho sisi, na mikutano yetu yote, hatukukifanya.

Gesi ya chini na gesi ya nyumbani

Miaka michache iliyopita, usiku mmoja wa mwezi wa sita, mama mmoja wa kambi yetu aliingiza mbabula ndani ya chumba. Bwana yake alikuwa posti ya usiku. Mtoto mdogo alikuwa anakohoa, bulangeti lilikuwa moja kwa watu watatu, na makala yalikuwa yamebaki mekundu mazuri baada ya kupika bukari. Alifunga dirisha, akaweka kitambaa chini ya mlango ili upepo usiingie. Walilala.

Usiku ule basi la wafanyakazi liliharibika, jirani mmoja akarudi nyumbani kwa miguu mbele ya saa. Akapita pale, akasikia mtoto analia kilio cha ajabu, kilio kisichokuwa na nguvu. Akagonga, hakuna jibu. Walivunja mlango. Mama na watoto wawili walitolewa nje, wakawekwa kwenye hewa, wakakimbizwa hospitali. Wote watatu wako wazima leo. Namshukuru Mungu, na nalishukuru basi bovu.

Sasa niambieni, ndugu zangu wa mine. Kuna mtu kati yetu asiyeijua gesi ile? Monoxyde de carbone: haina rangi, haina harufu, haichomi macho. Inaingia ndani ya damu na kuchukua nafasi ya hewa nzuri. Unasikia kichwa kinauma, miguu inalegea, usingizi unakuja. Baada ya kulipua baruti, chini ya udongo, tunangoja hewa isafishwe kwanza. Chef d'équipe anayepeleka watu mbele ya saa tunamwandikia ripoti. Halafu tunarudi nyumbani na kulala na gesi ile ile, mlango umefungwa, watoto pembeni.

Juma lile nilisimama mbele ya wamama wa kambi kuwafundisha. Nilisema vizuri, nilieleza damu, nilieleza hewa. Nilipomaliza, mama mmoja mzee, mjane wa fundi wa zamani, akaniuliza swali moja tu:

— Papa délégué, tumesikia. Mbabula itabakia inje. Sasa batoto batalala na nini?

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeleta katazo, sikuleta bulangeti.

Theluji ni ya nani?

Mama yule mzee ndiye aliyeleta jibu. Wakati wa Union Minière, na kisha wakati wa Gécamines, wake wa wafanyakazi walikuwa wanaenda kwenye foyer social. Kule walifundishwa kupika, kushona, kutunza mtoto, triko na kroshe. Wamama wengi wa umri wake bado wana kroshe yao ndani ya sanduku. Mikono haijasahau. Akasema: sisi tutafanya mabulangeti, karo kwa karo.

Kwa yule asiyejua: triko inatumia sindano mbili, na kazi yote inabaki imefungwa kwenye sindano mpaka mwisho. Kroshe ni chuma kimoja chenye ndoano, na kila wakati kitanzi ni kimoja tu kilichobaki wazi. Ndiyo sababu kroshe inafaa kwa karo. Unafanya kipande kidogo, unakimaliza, unakiweka kando. Unaweza kufanya ukiwa unachunga duka, ukiwa unangoja maji kwenye bomba, ukiwa hospitali na mgonjwa. Bulangeti zima ni kazi ya kuogopesha. Karo moja haiogopeshi mtu.

Shida ya kwanza ilikuwa picha. Msichana mmoja wa shule alikuwa na picha kwenye simu yake: mto wa kuegemea wa Wazungu, wenye karo za baridi ya kwao. Theluji, ile wanayoiita neige, mti wa Noeli, kofia, nyumba yenye moshi. Wasichana walipenda. Wamama wakubwa wakakataa.

— Neige ya nini? Weye ulishaona neige?

Niliingia katika maneno yale kwa bahati mbaya, kwa sababu niliwaambia kwamba Kongo yetu ina theluji. Iko juu ya Ruwenzori, kule Kivu ya Kaskazini, kwenye mpaka na Uganda. Kilele chake, Margherita, kina mita 5,109. Ni theluji ya Ikweta, na kila mwaka inapungua, lakini iko. Basi mtoto wa Kolwezi akilala chini ya nyota ya theluji, halali chini ya kitu cha kigeni. Wamama walicheka, wakasema: sawa, nyota ya theluji iingie, lakini na sisi tuweke baridi yetu.

Baridi yetu ni nini? Wakataja: mbabula, kikombe cha chai chenye moshi, shimini ya Lubumbashi, taa ya mtu wa mine. Na musalaba ya Katanga, yaani croisette, ile shaba ya umbo la X ambayo wazee wetu waliimimina ndani ya udongo na kuitumia kama feza, mbele ya kampani yoyote kufika hapa. Croisette si kitu cha baridi. Lakini mama mzee alisema shaba ndiyo imetuleta wote katika baridi hii, basi ina haki ya kulala nasi.

Hesabu ya nyota

Kazi yangu mimi ilikuwa kuchora. Mtu wa mine anayesoma plan ya kazi anaweza kuchora karo za kroshe, hakuna tofauti. Unachukua daftari la shule lenye miraba midogo. Mraba mmoja wa karatasi ni kitanzi kimoja cha uzi. Mstari mmoja wa karatasi ni mstari mmoja wa kroshe. Unapaka rangi, na picha yako iko tayari.

Hapa nawapa nyota yetu ya kwanza, ambayo kila mtu ameweza kuifanya. Ni vitanzi 15 kwa mistari 15. Uzi ni wa rangi mbili: moja ya giza (buluu nzito au kijivu) na moja nyeupe.

Mstari wa 1: giza 15.
Mstari wa 2: giza 7, nyeupe 1, giza 7.
Mstari wa 3: giza 2, nyeupe 1, giza 4, nyeupe 1, giza 4, nyeupe 1, giza 2.
Mstari wa 4: giza 3, nyeupe 1, giza 3, nyeupe 1, giza 3, nyeupe 1, giza 3.
Mstari wa 5: giza 4, nyeupe 1, giza 2, nyeupe 1, giza 2, nyeupe 1, giza 4.
Mstari wa 6: giza 5, nyeupe 1, giza 1, nyeupe 1, giza 1, nyeupe 1, giza 5.
Mstari wa 7: giza 6, nyeupe 3, giza 6.
Mstari wa 8: giza 1, nyeupe 13, giza 1.

Kisha unarudi nyuma: mstari wa 9 ni kama wa 7, wa 10 ni kama wa 6, hivyo hivyo mpaka wa 15 ambao ni kama wa 1. Kila mstari hesabu lazima ifike 15. Isipofika, kuna kitanzi kimeibwa, utafute mbele ya kuendelea.

Namna ya kufanya: tumia kroshe nambari 5 na uzi mnene. Anza na maille en l'air 16. Ruka ya kwanza, halafu weka maille serrée 15. Mwisho wa kila mstari, maille en l'air moja, geuza kazi. Kubadilisha rangi ndiko kunakowashinda wengi: usingoje kitanzi kiishe. Wakati vitanzi viwili vimebaki juu ya kroshe, vuta uzi wa rangi mpya upite ndani ya vyote viwili. Hapo kitanzi kinachofuata kitaanza na rangi safi. Uzi usioutumia uulaze juu ya mstari wa chini, vitanzi vipya viufunike. Hivyo nyuma ya kazi hakuna nyuzi zinazoning'inia, na kidole cha mtoto hakitanaswa. Tena karo inakuwa nene mara mbili, na ndilo jambo tunalotaka kwa baridi.

Nyota hii ni sawa upande wa kuume na wa kushoto, kwa hiyo huna shida ya kusoma. Lakini picha isiyo sawa, kama kikombe chenye mkono upande mmoja, ina sheria: mistari ya 1, 3, 5 unasoma toka kuume kwenda kushoto, mistari ya 2, 4, 6 toka kushoto kwenda kuume, kwa sababu kazi unaigeuza. Mimi nilisahau sheria hiyo. Kikombe changu cha kwanza kilikuwa na mkono uliovunjika vipande vipande. Wamama wanakitunza mpaka leo ili kunichekea.

Jambo jingine: maille serrée ni pana kidogo kuliko urefu wake, kwa hiyo nyota inataka kukaa fupi, kama mtu aliyekaliwa kichwani. Ongeza mstari mmoja wa giza chini na mmoja juu. Kisha zungusha karo nzima mara mbili na maille serrée, ukiweka tatu kwenye kila kona. Utapata karo ya karibu sentimita 12.

Na croisette? Chukua nyota ile ile, utoe mstari unaosimama katikati na ule unaolala katikati. Inabaki X peke yake. Mstari wa 3 unakuwa: giza 2, nyekundu 1, giza 9, nyekundu 1, giza 2. Mingine unaweza kuihesabu mwenyewe. Tumia uzi wa rangi ya shaba. Nilipoona hivyo kwenye karatasi nilinyamaza kidogo: musalaba ya Katanga ulikuwa ndani ya theluji tangu mwanzo.

Bonde la wapasua mawe

Mtoto wangu aliniuliza juu ya nini nyota yetu ina mikono minane, na mwalimu wake anasema theluji ina mikono sita. Mwalimu ana haki. Chembe ya theluji ya kweli ina sita. Lakini karatasi ya miraba inajua njia nne tu zilizonyooka na nne za kukata kona. Kwa hiyo kila mtu anayechora theluji kwa vitanzi anafika kwenye nane, apende asipende.

Tulipotafuta kwenye intaneti, tulikuta hadithi ya nyota nyingine ya mikono minane, inayojulikana dunia nzima. Ilitoka Selbu, bonde la Norvège, karibu na mji wa Trondheim. Watu wa Selbu walikuwa nusu wakulima, nusu wapasua mawe. Walichonga mawe ya kusagia nafaka mlimani, ndani ya baridi ambayo sisi hatuijui. Katika mwaka wa 1857 msichana mmoja, Marit Guldsethbrua Emstad, alifanya kwa triko glovu za rangi mbili zenye nyota. Yeye na ndugu zake wakazivaa kanisani, na watu wote wakazitaka. Kazi ya mawe ilipopungua na kuisha, glovu za wamama zilibaki zinaleta feza nyumbani. Leo nyota ile iko kwenye alama ya jamaa ya Selbu.

Nilisoma hadithi ile mara mbili. Tunajua sisi pia namna mwamba unavyoweza kuisha, au bei ya shaba ikaanguka, au mkubwa akafunga mlango. Siku ile, kinachobaki ndani ya nyumba ni kile ambacho mikono inajua.

Likelemba ya karo

Bulangeti la mtoto linataka karo 80: nane kwa upana, kumi kwa urefu. Linatoa kama sentimita 96 kwa 120. Mama mmoja peke yake, na kazi ya shamba, na soko, na watoto, atamaliza baridi ikishapita. Basi wamama walichukua njia wanayoijua: likelemba. Walikuwa 16. Kila mama anafanya karo tano kwa mwezi. Tano mara kumi na sita ni 80. Mwisho wa mwezi karo zote zinaenda kwa mama mmoja, mwezi unaofuata kwa mwingine. Hakuna feza inayopita mkononi ila ya uzi. Bulangeti la kwanza, bila kupiga kura, lilienda katika nyumba ile ya mbabula.

Mwezi wa kwanza ulikuwa na matata. Mikono si sawa: huyu anakaza uzi kama anafunga mbuzi, yule anaulegeza. Karo za huyu zilikuwa sentimita 10, za yule 14, na bulangeti likakunjamana kama barabara ya mvua. Tulifanya kama kwenye atelier: kalibre. Nilikata kartoni ya sentimita 12 kwa 12, moja kwa kila mama. Karo isiyolingana na kartoni inarudi. Mwenye kukaza abadili kroshe, achukue nambari 6. Mwenye kulegeza achukue nambari 4. Kwanza walinung'unika, kisha wao wenyewe wakawa wakali kuliko ingénieur.

Kuunganisha: panga karo zote chini, sakafuni, mbele ya kushona hata moja. Changanya nyota na croisette, moja na moja. Mtu mmoja asimame juu ya kiti aangalie kama rangi zimekaa vizuri. Kisha shona mistari yote ya urefu, halafu yote ya upana. Mwisho zungusha bulangeti zima na mistari miwili au mitatu.

Kwa uzi: uzi mpya ni wa bei, kwa hiyo nusu tuliutoa katika majirsi ya zamani, yale ya balo. Lakini angalia ndani ya mshono mbele ya kununua. Kama kipande kilikatwa na mkasi na kuzungushiwa uzi wa mashini, usinunue, kwa sababu kila mstari utakatika na utabaki na vipande vifupi. Tafuta jirsi ambayo kila kipande kilifanywa na umbo lake, kikaunganishwa tu kwa mshono mmoja. Fungua mshono, anza juu, vuta. Zungusha uzi kwenye mgongo wa kiti, ufunge mahali pane, uoshe, uutundike na chupa ya maji chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka.

Na onyo moja kwa lugha ya usalama: uzi mwingi wa soko ni akriliki, ni jamaa ya plastiki. Ukishika moto, unayeyuka na kushika ngozi. Bulangeti hili si la kukaa nalo karibu ya mbabula. Linachukua nafasi ya mbabula, halikai pamoja nayo.

Saa 90

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike.

Bulangeti la nne lilikuwa limetandikwa juu ya kamba, limetoka kuoshwa. Mtu mmoja mwenye gari alipita, akasimama, akalipenda. Akataka kununua. Akatoa dola 30. Ndani ya kambi yetu dola 30 si mchezo. Mama mwenyewe alikuwa amekwisha kunyoosha mkono. Mama mzee akamwambia: ngoja, tumuite délégué.

Tulikaa, tukafanya hesabu kama ile tunayoifanya mbele ya direction. Uzi: boule 12 za gramu 100. Tukiweka dola 2 kwa kila boule, ni dola 24. Katika dola 30 imebaki 6. Kazi: karo moja, kwa mkono uliozoea, ni kama saa moja pamoja na mizunguko yake. Karo 80 ni saa 80. Kuunganisha na kuzungusha, saa 10. Jumla saa 90.

Gawa dola 6 kwa saa 90. Hata senti 7 kwa saa hazifiki.

Code du travail ya nchi yetu, ile ya 2002, inasema kazi isipite saa 45 kwa juma. Saa 90 ni juma mbili kamili za mfanyakazi. Niliwauliza mabwana waliokuwa wamesimama pale: nani kati yenu atashuka chini juma mbili kwa dola 6? Mmoja akasema, huku anacheka:

— Lakini papa, ile haiko kazi. Banafanya tu wakati banapumzika.

Mama mzee hakuinua hata macho. Alisema:

— Siye tunapumzikaka saa ngapi?

Hakuna aliyejibu. Mimi pia sikujibu, kwa sababu nyumbani kwangu mke wangu alikuwa amefanya karo zake tano usiku, akiwa anangoja nirudi kwenye mkutano ambapo nilikuwa nadai heures supplémentaires za wanaume.

Mtu wa gari aliondoka bila bulangeti. Lakini hesabu ile ilitufundisha kitu kingine. Mto wa kuegemea, ule coussin, unataka karo tisa tu: tatu kwa tatu, sentimita 36 kila upande. Nyuma unaweka kitambaa cha kawaida, ndani unajaza vipande vya nguo kuukuu. Saa 9 za karo, saa 2 za kushona: saa 11. Uzi dola 4, kitambaa dola 1. Ukiuuza dola 18, inabaki 13. Ni zaidi ya dola moja kwa saa. Si tajiri, lakini ni bei ya mtu. Na mwenye gari anayetafuta kitu kizuri cha kuweka kwenye kiti cha salon anailipa bila maneno mengi, kwa sababu macho yake yanaona nyota, hayahesabu saa.

Basi kikundi kiliweka sheria mbili. Coussin inauzwa, na bei haishuki chini ya hesabu. Bulangeti haliuzwi. Bulangeti ni la kulalia.

Mbele ya mwezi wa sita

Naandika haya mapema, ili nyinyi wa makambi mengine mpate wakati. Mkiwa 16 mkianza mwezi wa pili, mwezi wa sita ukifika mtakuwa na mabulangeti manne. Anzeni na nyumba yenye mtoto mdogo na yenye mtu wa posti ya usiku. Mkiwa wachache, fanyeni karo zaidi, au fanyeni bulangeti dogo la mtoto mchanga, karo sita kwa nane.

Ndugu zangu wanaume, sisi tuna kazi tatu rahisi. Ya kwanza, tuchore na kukata kalibre. Ni kazi yetu. Ya pili, siku ya mshahara tulete boule moja ya uzi nyumbani, mbele ya kupita kwenye nganda. Ya tatu, mbabula ikishamaliza kupika, tuibebe sisi wenyewe tuiweke nje, hata kama makala bado ni mekundu na roho inauma kuyaacha. Hata nyumba yenye bulangeti, iache nafasi kidogo ya hewa.

Na tuache kusema kwamba ile si kazi. Mimi nilikuwa nasema hivyo. Nimefanya karo moja, moja tu, nikiwa nimekaa nje mbele ya watu wote, watoto wakipita wakiimba kwamba délégué anashona. Ilinichukua saa tatu na nusu. Ilikuwa imepinda, kona moja ndefu, na kartoni iliikataa.

Mama mzee aliipima, akatikisa kichwa, akaifumua yote mbele yangu, akanirudishia uzi.

— Anza tena, papa. Hapa hatulipe kazi mbaya.

Nimeanza tena.